Mtani Katika Chumba cha Usaili

Mwanangu, ipo siku ambayo kila nikiikumbuka mwili unanisisimka. Siku hiyo nilimwona mwanamke akimtoa mjomba wake nje ya chumba, mbele ya watu, na mjomba akatoka.

Kama wewe si mtu wa huku kwetu kusini, utashangaa kwa nini nasema hivyo kama mtu aliyeona kaburi likifunguka. Basi nikueleze. Kwetu baba ni baba, atakuzaa na atakulisha, lakini ukoo unafuata kwa mama, na neno la mwisho juu yako analo kaka wa mama yako. Mjomba akikohoa, unanyamaza. Mjomba akisema posa ipokelewe, inapokelewa. Akisema irudi, inarudi. Mimi mtu mzima, mvi zimeshanijaa, mjomba wangu alipokuwa hai nilikuwa namwamkia nimepiga magoti mchangani. Sasa wewe niambie: mpwa amwambie mjomba, "Toka"? Na radi isipige?

Sikiliza ilivyokuwa.

Mjukuu wangu Somoe aliitwa usaili katika chuo kimoja cha uuguzi na ukunga pale mjini Mtwara. Jina la chuo naliacha, maana sikuja kuwasifu wala kuwachongea. Somoe ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mwenyewe kijijini Ziwani tangu anatambaa. Ana akili, tena si kwa kuwa ni damu yangu, ingawa damu yangu nayo imechangia. Alikuwa ameomba chuo mara mbili kabla ya hapo, na mara mbili akakosa bila kuambiwa sababu. Katika kusubiri kote huko alikuwa akibangua korosho za watu. Unaijua kazi hiyo? Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza kama moto. Vidole vya mtoto vilikuwa vyeusi, ngozi imebabuka, hata kalamu aliishika kwa ncha kama anashika mwiba. Akaniambia waziwazi, "Bibi, nikikosa safari hii siombi tena. Nitabangua korosho mpaka nizeeke." Nikamwambia afunge mdomo. Lakini moyoni niliogopa, kwa sababu namjua. Akisema, amesema.

Safari hiyo waliofanana alama walikuwa wengi kuliko nafasi zilizobaki, ndiyo maana wakaitwa waulizwe ana kwa ana. Tulilala Likombe, humo humo mjini, kwa mama yake. Asubuhi tukapanda bajaji, mimi na kikapu changu cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini.

"Bibi, kikapu cha nini? Tunakwenda chuoni, si shambani."

"Kwani huko chuoni watu hawana matumbo?"

Tukafika. Vijana wamekaa kwenye mabenchi barazani, wazazi wao pembeni, kila mtu kimya kama msibani. Umeme ulikuwa umekatika, feni za ndani zimesimama, kwa hiyo madirisha yalikuwa wazi yote. Mimi nikachagua benchi lililo chini ya dirisha. Macho yangu yameshaingia ukungu, lakini masikio, alhamdulillahi, bado ya kisichana.

Waliokuwa wakiuliza walikuwa wanne. Wawili siwajui mpaka leo. Wa tatu ndiye mwenyekiti wao, mwanamke wa Mikindani, Mwalimu Asumini, mwembamba, ana sauti ya chini. Wa nne nilimjua kwa kikohozi chake kabla sijamwona: Mzee Bakari, mwalimu wa siku nyingi, amestaafu lakini chuo humwomba aje kusaidia. Huyo ndiye mjomba wa Asumini. Alimchukua akiwa mdogo, akamsomesha mpaka akafika alipofika. Na kingine: Mzee Bakari ni mtani wetu.

Utani wa ukoo unaujua? Mababu zao na mababu zetu waligombana zamani, wakapatana, na mapatano yenyewe ndiyo huo utani. Mtani anaweza kukutukana mchana sokoni na usikasirike. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuzikia, na katikati ya kilio anachukua kuku wako na kusema marehemu alimwahidi. Ni kitu kizuri, kinaponya. Lakini kila kizuri kina mahali pake. Pilau ni tamu ila hulimwagi msikitini.

Somoe akaitwa. Nikasikia kiti kinaburuzwa, nikasikia salamu. Kisha Mzee Bakari akamwuliza kwao wapi, na ukoo gani. Alipotajiwa, oho! Sauti ikabadilika.

"Ala! Kumbe ni wale! Sasa wewe tukikupa wodi, utamnywesha mgonjwa uji au utaunywa mwenyewe?"

Nikashika roho. Halafu nikamsikia, "Uji nitamwachia, mtani. Lakini siku ukilazwa wewe nakuvua shuka, maana babu yako aliazima mkeka kwetu akaenda nao kaburini."

Chumba kizima kikacheka. Hata yule mwenyekiti wa sauti ya chini nilimsikia. Na mimi nilifanyaje? Nikapiga vigelegele! Pale pale chini ya dirisha, ulimi wote nje. Mzee Bakari akatoa kichwa dirishani, "Nani huyo, ni yule bibi mwizi wa mihogo?" Nikamwambia, "Rudi ndani, mzee, jua litakukausha uwe kamba." Watu barazani wakacheka, hofu ikatutoka.

Baada ya hapo mtoto alijibu kama maji. Kicheko kilikuwa kimemfungua. Wakamwuliza vidonda, akaeleza vidonda. Wakamwuliza mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, akaeleza hatua kwa hatua. Alitoka anang'aa. Nikajisemea, hii imekwisha, huyu ni nesi.

Aliyemfuata alikuwa binti wa Mpapura, Sharifa, amekuja na baba yake, mkulima wa korosho, mtu mpole, kofia mkononi. Sharifa hakuwa mtani wa mtu mle ndani. Nikamsikia Mzee Bakari: "Jina. Umetoka wapi. Kwa nini uuguzi. Sema kwa sauti." Binti akaanza, "Mimi... mimi nataka..." "Unataka nini? Sema!" Hakumchukia, mwanangu, nataka ujue hivyo. Ndivyo alivyofundisha darasani maisha yake yote. Lakini kwa mmoja alikuwa amefungua mlango kwa kicheko, na kwa mwingine alikuwa ameufunga kwa komeo. Sharifa alitoka anafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Baba yake alimtengenezea ushungi ukakaa sawa, basi.

Wakaingia wengine, wengine. Mchana Mwalimu Asumini akatoka barazani kunyoosha mgongo. Akanikuta nagawa ming'oko. Akanisalimia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu, kula." Akachukua kipande, hakukila. Akaniuliza taratibu, "Bibi, vile vigelegele vya asubuhi vilikuwa vya nini?"

Mimi tena! Nikamweleza yote kwa fahari: mtani kasema hivi, mjukuu wangu kajibu hivi, nyie mkacheka, halafu mkamwuliza hili na lile, naye akajibu hili na lile. Nikamtajia maswali yote kwa mpangilio wake. Nilitaka ajue kwamba kwetu akili inaanzia kwa bibi.

Kadiri nilivyoendelea, ndivyo uso wake ulivyozidi kutulia. Si kwa hasira. Nilikuwa namwona kama mtu anayesikia kitu kwa mbali na anataka kujua kinatoka upande gani.

"Kwa hiyo hapa mnasikia kila kitu," akasema.

"Kila kitu. Hata mlivyokuwa mnanong'ona."

"Na waliokuwa wakisubiri hapa nao wamesikia."

"Wana masikio, si wana?"

Akaangalia mabenchi. Akamwangalia Sharifa, aliyekuwa amekaa mbali na wenzake, uso kwenye magoti. Halafu akapanda kwenye kizingiti cha mlango, na kwa sauti yake ile ile ya chini, mpaka watu wakalazimika kunyamaza wamsikie, akasema:

"Wazazi wangu, na nyie vijana, naomba radhi. Leo tumewapima kwa vipimo viwili. Mmoja tumecheka naye, mwingine tumemkunjia uso. Mimi mwenyewe nilicheka, na nilipocheka kalamu yangu ikawa nyepesi. Na wa mwisho wamesikia maswali kabla ya kuulizwa, wa kwanza hawakuyasikia. Alama za asubuhi nazifuta. Tunaanza upya, wote, kwa maswali mengine."

Mwanangu, mimi damu ilinipanda. Msema kweli mpenzi wa Mungu: sikuona haki yoyote pale, niliona mtu anamnyang'anya mjukuu wangu chakula mdomoni. Nikasimama.

"We mwanamke! Mtoto ameshavuka Ruvuma, miguu imeshakanyaga mchanga, leo unamwambia arudi ng'ambo avuke tena? Na mamba je?"

"Bibi," akasema, "mjukuu wako tulimvusha kwa mtumbwi. Wenzake tuliwaacha wavuke kwa miguu."

"Si kosa lake!"

"Si kosa lake kabisa. Ni letu. Ndiyo maana namwomba, simwadhibu."

Nilikuwa nimefungua kinywa nimpe jingine, nikahisi mkono begani. Ni Somoe, na vidole vyake vile vyeusi. "Bibi, kaa. Nitavuka." Nikamtazama. Nikakaa, si kwa kuridhika, ila kwa kuwa yeye ndiye aliyeniomba.

Hapo ndipo Mzee Bakari alipotoka ndani, amekunja uso. Alikuwa amesikia. "Asumini, umefanya nini? Huo ni utani tu. Wewe hujui utani?"

Kila mtu alijua huyu ni nani kwake. Mwalimu Asumini akashuka kizingiti, akapiga goti moja pale pale kwenye saruji, mbele ya vijana na wazazi wao, akasema, "Shikamoo, mjomba." Yule mzee akaitikia kwa mazoea tu, "Marahaba." Ndipo akasimama, akamtazama usoni.

"Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Leo ngozi imevutwa. Watani wako wamo kwenye orodha, na kuna mtoto wa dada yako mdogo naye yumo, zamu yake bado. Karatasi ya chuo inauliza kama mtu ana mtoto wake au mkewe. Haiulizi mpwa, kwa sababu walioiandika si watu wa kwetu. Lakini mimi na wewe tunajua mpwa ni nani. Nyumbani nitapiga magoti yote mawili. Kwenye usaili huu, leo, naomba utoke."

Nilimtazama yule mzee. Uso ulimbadilika, ukawa wa hasira, ukawa wa aibu, kisha ukawa wa kitu ambacho sikukitambua upesi. Akarudi ndani. Akatoka amebeba kiti chake mwenyewe, akakileta mpaka benchi langu, akakaa. Sasa hivi ninavyokueleza, vinyweleo vinasimama. Nimeona mashehe wakiombewa dua, nimeona wakubwa wakipigiwa saluti, lakini ukubwa nilioona siku hiyo ulikuwa wa mzee aliyebeba kiti chake mwenyewe kwenda nje, na wa mwanamke aliyemwamkia kwanza kabla ya kumtoa.

Wakafunga madirisha yote, na joto lile! Sisi wote tukahamishwa mbali, kwenye upenu wa stoo, tusisikie kitu. Halafu badala ya kuanza, waulizaji wakaenda kula. Nikapandwa na hasira tena.

"Ona, wanakwenda kujaza matumbo, watoto wa watu wanasubiri!"

"Nyamaza, mwizi wa mihogo," akasema Mzee Bakari. "Asumini kasema mwenye njaa asimpime mtu. Wale wa mwisho asubuhi tuliwauliza tumbo linanguruma, tukawa wakali bila sababu."

Hapo nikamkumbuka maalimu wetu wa utotoni, alikuwa akituambia kadhi hahukumu akiwa na ghadhabu. Nikagundua njaa na ghadhabu ni watoto wa mama mmoja.

"Na wewe je, kakutoa nje kama kuku aliyeingia sebuleni," nikamchokoza.

"Kama kuku," akakubali. Akacheka kidogo, akafuta jicho. "Mtoto wa dada yangu kanishinda. Unajua nimefundisha miaka mingapi? Na kila mwaka nilijua naona haki kwa macho yangu. Kumbe macho yangu yalikuwa na watani."

Nikampa ming'oko. Akala. Akanieleza alichoagiza mpwa wake mle ndani: kila mtoto aulizwe maswali yale yale, kwa maneno yale yale, kwa kufuatana vile vile. Kila mwulizaji aandike alama zake peke yake kabla ya kufungua mdomo, asije mwenye sauti kubwa akawavuta wengine. Na anayemjua mtoto atoke, hata yeye Asumini akiitwa huyo mtoto wa mama yake mdogo, akitoka hata kwa mlango wa nyuma si neno.

Katika kusubiri huko, mwanangu, nikajikumbuka mimi. Nilikuwa darasa la nne, kichwa kinachemka, hesabu nazipenda kuliko sukari. Siku hizo kwenda darasa la tano kulikuwa ni kuchaguliwa. Mwalimu akasimama akasoma majina. Langu halikuwamo. Nikamfuata nyuma ya darasa, nikamwuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Akaniambia, "Nenda kachote maji." Nikaenda nikachota maji. Nimechota maji maisha yangu yote, nimelima, nimezaa, nimezika, na mpaka leo hii sijui nilikosea wapi. Labda nilikosea kweli! Hesabu zangu labda zilikuwa mbovu. Lakini sijui. Kutojua huko ni mwiba usiotoka. Mguu unapona juu, ndani umebaki.

Somoe akaitwa tena. Safari hii sikusikia kicheko wala kikohozi. Niliona tu mlango umefungwa. Baba yake Sharifa akanisogezea korosho zake za kuchoma kwenye kipande cha gazeti. Tukala wote watatu, mimi, yeye na mtani wangu, tukautazama ule mlango. Somoe alipotoka hakuwa anang'aa, wala hakulia. Nikamwuliza, vipi? Akasema, "Wameniuliza, nimejibu. Sijui." Hakuna zaidi.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata, tukaitwa turudi. Walioingia waliambiwa, na waliokosa waliitwa mmoja mmoja ofisini na mzazi wake. Somoe aliingia! Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Yule mpwa mwingine wa Mzee Bakari alikosa. Sharifa naye alikosa.

Sasa mimi nina mdomo, unaujua. Nikamwona Mwalimu Asumini anapita, nikamwambia, "Haya, mwanangu, ulichosha watu bure. Mjukuu wangu si kaingia vile vile? Ungeacha ya asubuhi, ingekuwa hayo hayo."

Akaelekeza kidevu kule upenuni. "Bibi, mwulize baba Sharifa."

Baba Sharifa alikuwa ametoka ofisini wakati huo huo, na binti yake ubavuni. Nilimwendea kwa wasiwasi. Nilitegemea anitemee mate, maana mjukuu wangu ndiye aliyebeba nafasi. Akanipa mkono.

"Hongera, bibi. Mjukuu wako anastahili."

"Na nyie je?"

"Tumeambiwa. Sharifa moyo anao, maelezo anayo, hesabu za dawa ndizo hana. Wamemwonyesha alipokwama. Kweli hajui, mimi mwenyewe baba yake najua hajui." Sharifa akatabasamu kidogo, akasema, "Kugawanya, bibi. Kugawanya kunanishinda." Baba akaendelea, "Kuna mwalimu pale Mpapura, nitamwomba amshike mkono. Mwakani tunarudi."

"Huna kinyongo?"

Akafikiri. Yule si mtu wa maneno ya haraka. "Kinyongo na nani? Amepimwa kama wenzake. Wangeacha ile ya asubuhi, bibi, ningerudi kijijini nikawaambia wanangu wote watano: msisome, chuo kile ni cha watani. Na wangeniamini, maana mimi ni baba yao. Wangekuwa wamefungiwa mlango wote watano, kwa kicheko cha asubuhi moja."

Akavaa kofia yake, akamshika binti mkono, wakaenda zao kutafuta gari la kurudi.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimedhani siku ile ya kurudia ilikuwa ya kumtafuta anayestahili kuingia. Kumbe aliyekuwa akiingia angeingia tu. Siku ile ilikuwa ya huyu anayekwenda zake. Nikamtazama mgongo wake mpaka akapotea, na nikaogopa, mwanangu, kama mtu anavyoogopa akisimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Mtu amekosa alichokitaka kuliko vyote, na anakwenda nyumbani amenyooka.

Somoe akaniambia jioni ile, "Bibi, sasa nimeingia mimi. Asubuhi ile ungeingia ukoo."

Basi mwanangu, wewe unayesikia haya, siku moja utakalia kiti cha kuchagua. Labda ni chuo, labda ni kazi, labda ni kamati ndogo ya kijiji yenye nafasi moja. Watakuja mbele yako watoto wa watu wanatetemeka. Nakuambia bila kuficha: moyo wako ni mwongo. Utampenda anayecheka kama wewe, anayetoka kwenu, anayejibu haraka wakati hujashikwa njaa, na utaita hayo akili. Wapime kwa pishi moja, wa kwanza na wa mwisho, na pishi lenyewe uliweke mezani kabla hujamwona mtu. Damu yako ikija, inuka. Usingoje karatasi ikuulize. Karatasi haimjui mpwa wako, wewe unamjua. Mkubwa wako akikosea, mwamkie kwanza, halafu mwambie. Heshima haikatazi kweli, inaipakaza mafuta tu iingie vizuri.

Ukigundua umepima vibaya, rudia, hata kama watu wamechoka, hata kama bibi mmoja mwenye kikapu anakutukana barazani. Na aliyekosa, jamani, aliyekosa mwambie kwa nini. Usimtume kuchota maji. Aliyepata hatakuuliza kitu, furaha imemziba masikio. Haki yako itapimwa kwa aliyekosa: anakwendaje nyumbani, na atawaambia nini wanawe.

Mungu akupe kalamu nzito, isiyopeperushwa na kicheko wala na ukoo. Akupe ujasiri wa kusema "nimekosea" wakati sauti yako bado inasikika. Na akujaalie, mwanangu, ukiwa mzee kama mimi, ukutane sokoni na wale wote uliowahi kuwakatalia, na wasigeuze uso. Wakusogelee, wakupe mkono, wakuulize habari za nyumbani. Amina.